Jina Unalipata Wapi, Mjomba?

Karsten, Ohio
Jumapili, 20 Oktoba 1985

Mpwa wangu Cela,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya anapobashiri timu itamchagua nani ni kutazama pengo linaloonekana leo. Mrushaji wetu akiangushwa mara sita Jumapili moja, Jumatatu mji mzima unasema lazima tutachukua walinzi. Mpokeaji akidondosha mpira, basi tutachukua mpokeaji. Hivyo sivyo timu inavyofikiri. Timu haichagui kwa ajili ya Jumapili iliyopita.

Nimeanza na kosa kwa sababu ndilo uliloniuliza, na kwa sababu nakujua: ungekuta salamu mbele ungeziruka. Sasa zisome. Mama yako goti limepata nafuu, amekwenda bingo ya kanisani na kushinda blanketi ambalo hakulihitaji. Mimi nimekata vichwa ishirini na vinne vya kabichi, vimo ndani ya mtungi chini ya ngazi, vinachachuka vizuri. Kiwanda kimezima tanuri la pili. Watu wanazungumza habari hiyo kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza karibu na chumba cha mgonjwa.

Turudi darasani. Wavunja Barafu, klabu yako ya futiboli ya Kimarekani, wana wachezaji arobaini na watano. Chukua orodha yao, na usimtazame anayecheza, mtazame anayekaa benchi nyuma yake. Mlinzi wetu wa kushoto, yule anayemkinga mrushaji mgongo, ni Dorrance. Ana miaka thelathini na mitatu na bado ni ukuta. Hakuna anayelalamika juu yake. Lakini anayemsubiri benchi ana miaka thelathini na minne. Dorrance akivunjika leo, nyuma yake hakuna mrithi, yuko mzee mwenzake. Pengo ni hapo, ingawa kwa macho huoni kitu. Wapokeaji wanaodondosha mipira wote ni vijana wa mwaka wa pili, hao watavumiliwa. Kwa hiyo mwakani klabu zitakapopokezana zamu kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, sisi tutatafuta mlinzi wa kushoto.

Ndivyo nilivyofanya Aprili iliyopita kwenye gazeti letu la Alhamisi. Nilitaja majina matatu, na klabu yako ikayachagua yote matatu kwa mpangilio ule ule. Mpaka leo kwa kinyozi Duane wananiita Nabii. Nawakataza, ila si kwa nguvu sana.

Sasa zamu yangu kuuliza. Una miaka mitatu kwenye ofisi ya wasaka vipaji wa klabu hiyo hiyo. Kutwa unapiga chapa ripoti zao. Mtu aliyemo jikoni anamwuliza jirani chakula kimepikwaje? Nani amekutuma? Natania, lakini nijibu.

Mjomba wako akupendaye,
Ludvik


Port Lorimer
Jumamosi, 9 Novemba 1985

Shikamoo Mjomba Ludo,

Mimi mzima. Upepo wa ziwani umeanza, unaingia mpaka kwenye tundu za vifungo. Nimenunua buti. Mwambie mama aache kunitumia soksi, sasa nina soksi za kuvisha timu nzima pamoja na kocha. Mama mwenye nyumba amepata mbwa wa pili na mbwa wa kwanza hataki kumwona, hivyo tunaishi kwa zamu: huyu akiwa ukumbini, yule yuko jikoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unanifundisha kama niko darasa la kwanza, wakati umri wa Dorrance niliupiga chapa mwenyewe. Lakini sawa, uliyoyasema ni kweli tupu.

Ila, Mjomba, yote hayo yananipa nafasi, hayanipi jina. Mahitaji ya timu yanasema mlinzi wa kushoto. Hayasemi huyu hapa. Walinzi wa kushoto wanaomaliza vyuo mwakani wanapita arobaini, na wanaofaa kwa zamu ya kwanza ni wanane. Wewe Aprili hukusema mlinzi, hukusema mkabaji, hukusema mkimbiaji. Ulisema huyu, na huyu, na huyu. Mara tatu bila kukosea.

Jina unalipata wapi?

Hakuna aliyenituma. Nauliza tu. Naomba unijibu sawasawa, usinizungushe, na barua hii usimwonyeshe mama.

Ni mimi,
Cela


Karsten
Jumapili, 1 Desemba 1985

Mpwa wangu Cela,

Sikukuu ya Shukrani imepita salama. Mama yako alioka bata mzinga mkubwa kuliko tanuri, ikabidi tumkate miguu kwanza. Tulikuwa watu saba na kiti chako. Theluji imeshika tangu Jumanne. Paka wangu amehamia juu ya jiko na hana mpango wa kushuka.

Umeniomba nisikuzungushe. Haya, fuata hatua zangu. Wanaofaa ni wanane, umesema mwenyewe. Klabu yenu mwaka huu inaelekea kupata zamu ya kumi au ya kumi na moja, kwa hiyo wale wawili bora kabisa watakuwa wameshachukuliwa na klabu mbovu zaidi, ambazo huchagua kwanza. Wamebaki sita. Mkuu wenu wa wasaka vipaji, Bwana Haldane, hajawahi katika miaka tisa kuchagua mtu aliyepasuliwa goti, toa wawili. Kocha wenu anawataka wenye mikono mirefu na hajali uzito. Toa mmoja mfupi wa mikono. Wamebaki watatu. Ukishafika kwenye watatu umefanya kazi ya kutosha, na jina huja lenyewe.

Sasa niseme na mimi. Umeniambia nisimwonyeshe mama yako. Tangu lini? Alikuja Jumatano na kuniuliza, "Cela anasemaje?" Nikamwambia hajambo, amenunua buti. Akanitazama kama anavyomtazama mwuza nyama. Nimeagizwa kuficha na sijaambiwa ninaficha nini, na jambo la namna hiyo silipendi. Ofisini kwako kuna nini?

Krismasi uje. Chumba chako kiko tayari, na mama yako ameshaanza kuvunja njugu za keki.

Mjomba wako,
Ludvik


Port Lorimer
14 Januari 1986

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Nakushukuru kwa ukarimu wako wakati wa Krismasi. Nilirejea salama.

Ningependa kukuomba usiandike makala ya ubashiri mwaka huu. Klabu inaona kwamba makala za aina hiyo huwachanganya mashabiki. Aidha, ningeshukuru iwapo utanieleza kwa maandishi vyanzo vya habari ulizotumia katika makala ya Aprili 1985.

Wako mtiifu,
Marcella R. Tobin


Karsten
Jumapili, 26 Januari 1986

Mpwa wangu Cela, na wewe uliyesimama nyuma ya Cela,

Hamjambo nyote. Hapa tu wazima, baridi ni kali, bomba la maji la kanisa limepasuka na ibada tunafanyia kwenye ukumbi wa bingo.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Najua daftari ambalo mtoto ameliandika mwenyewe, na najua daftari ambalo kaka yake alimshika mkono. Barua ya tarehe 14 imepigwa chapa. Mpwa wangu huniandikia kwa kalamu yenye kuvuja. Imeniita "Mjomba mpendwa". Yeye ananiita Ludo tangu hajaota meno. Haikumtaja mama yake, wala paka, wala mbwa wawili wa mama mwenye nyumba. Na imesainiwa "mtiifu", neno ambalo binti huyo hajawahi kujisingizia.

Kwa hiyo nakujibu wewe wa nyuma. Vyanzo sina. Sina mtu ndani ya klabu yenu. Mpwa wangu hajawahi kuniambia jina la mchezaji hata mmoja, hata Krismasi, hata baada ya glasi mbili za mvinyo wa plamu wa mama yake, na huo umewahi kumfanya padri aimbe. Nimemweleza kwa maandishi ninavyofanya, mara mbili, hatua kwa hatua, na kama unasoma barua zake basi umeyasoma. Makala nitaandika. Gazeti limenitengea nafasi Alhamisi ya tarehe 24 Aprili, siku tano kabla ya uteuzi.

Cela, wewe nijibu kwa kalamu.

Jambo dogo la mwisho. Ile orodha ya wachezaji ambayo klabu huichapa Machi na kumpelekea shabiki yeyote anayetuma bahasha yenye stempu: mimi nimetuma bahasha yangu mapema. Ukipita ofisi ya barua wakumbushe wasinisahau. Naihitaji kabla sijaandika.

Ludvik


Port Lorimer
Jumamosi, 22 Machi 1986

Shikamoo Mjomba Ludo,

Kalamu inavuja, kama ulivyotaka. Naandikia kwenye mkahawa ulio mbali na uwanja, na stempu nimenunua mwenyewe. Ni wiki nane tangu barua yako na sijakujibu, na najua umekuwa ukimwuliza mama, na mama amekuwa akikwambia kwamba sijambo. Hajui kitu.

Nitakueleza yote. Aprili iliyopita, kabla ya siku ya uteuzi, majina yale matatu yalijulikana na watu wanne tu: Bwana Haldane, kocha, mwenye klabu ambaye ni Bibi Vandermeer, na mimi niliyeyapiga chapa. Oktoba mtu fulani alimletea Haldane kipande cha gazeti letu la Karsten. Aliniita. Kipande kilikuwa mezani, jina lako limezungushiwa wino mwekundu.

"Huyu ni nani wako?" akauliza.

"Ni mjomba wangu, ndugu wa mama."

"Ahaa," akasema, akafungua dirisha ingawa kulikuwa na baridi.

Ndipo nikakuandikia kukuuliza. Nilitaka jibu nimpelekee. Ukanieleza umri wa Dorrance. Nilimpelekea, akacheka. Akasema umri wa Dorrance unampa mtu nafasi na haumpi jina, na ndiyo maana barua yangu ya Novemba ilisema hivyo: yalikuwa maneno yake. Ya Januari alinisomea imla neno kwa neno, amesimama nyuma yangu, ulivyosema hasa. Aliposoma jibu lako masikio yalimwiva.

Februari akaja na jambo jingine. Alinipa karatasi yenye jina moja, mkabaji wa Texas, akaniambia nilitaje kwenye barua yako kama vile limeniponyoka. Jina hilo hakuwa amempa mtu mwingine. Lingetokea kwenye gazeti, angekuwa amenishika. Nilikataa. Sikutaka kukutegea mtego, wala kujitegea mwenyewe. Tangu siku hiyo nimeondolewa kwenye mashine, nahesabu mikanda ya filamu chumba cha chini.

Sasa elewa nilivyobanwa. Makala yako ikitoka na majina sahihi, natimuliwa siku hiyo hiyo, ameniambia waziwazi. Ikitoka na majina yasiyo sahihi, watasema nimekuonya. Usipoandika kabisa, watasema hivyo hivyo. Na mtu anayefukuzwa kwa kuvujisha siri hakuna klabu nyingine itakayompa hata ufunguo wa choo. Hii ndiyo kazi niliyoitaka tangu nikiwa msichana ninayekusomea matokeo ya Jumapili huku redio ikikwaruza. Iko njia moja tu: uonyeshe ulivyojua.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kulala, Mjomba. Kwa sababu huonyeshi. Unaeleza vizuri mpaka hatua ya watatu, halafu unasema "jina huja lenyewe". Hakuna jina linalokuja lenyewe. Nimeanza kufikiri mambo ambayo sipendi kuyafikiri. Krismasi niliacha mkoba wangu jikoni kwako. Nilipouchukua ulikuwa umefungwa kifungo kimoja, nami hufunga vyote viwili. Sikuuliza. Nauliza sasa.

Na orodha ya Machi unaitakia nini? Mahitaji umeyajua tangu Oktoba. Orodha ile haina siri yoyote. Ina majina, vimo, na namba za jezi.

Cela


Port Lorimer
Jumanne, 8 Aprili 1986

Mjomba,

Mama amesema kwenye simu kwamba hujambo na unapalilia vitunguu. Wiki mbili na nusu hujanijibu. Kunyamaza kwako nako ni jibu, lakini silitaki hilo. Zimebaki siku kumi na sita kabla ya gazeti kutoka.

C.


Karsten
Jumapili, 13 Aprili 1986

Mpwa wangu Cela,

Barua hii inakuja na mama yako kwa basi la alfajiri, ili uisome kesho Jumatatu kabla hujaingia kazini. Anajua. Jana nimemweleza yote mezani kwake, na kwa saa nzima alinifokea kwa Kislovakia, lugha ambayo huitoa kabatini kwa mazishi na kwa ajili yangu. Goti lake limepona, kama utakavyoona atakavyopanda ngazi zako.

Orodha ya Machi ilinifikia tarehe 2 Aprili. Tangu siku hiyo ningeweza kukuandikia na sikukuandikia. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza mkoba.

Niliufungua. Nilitaka kujua nani alikuwa amekutuma kuniuliza, maana nilishakutilia shaka tangu Oktoba. Nilikuta chanuo, tikiti ya basi, na barua zangu mbili. Nikaona aibu, nikaharakisha, nikasahau kifungo cha pili. Unisamehe, au usinisamehe sasa hivi, lakini endelea kusoma.

Umesema kweli: mahitaji hayatoi jina. Yanatoa nafasi, na ukiwa makini yanakupunguzia watu mpaka wabaki watatu. Hayo yote niliyokufundisha ni halali, nayafanya kila mwaka, na nayaonea fahari. Hatua ya mwisho ndiyo niliyoificha.

Sikiliza polepole, na mwingine yeyote atakayeisoma asikilize. Kanuni za ligi zinawapa walinzi wa mbele namba za sitini mpaka sabini na tisa. Mtunza jezi wa klabu yenu, Mzee Lemuel, ni mtu wa utaratibu. Mchezaji mpya akija wakati wa baridi, humpa namba ndogo kuliko zote zilizo wazi, kisha inayofuata, kisha inayofuata, kama mtu anayepanga matofali. Nimezifuata orodha zake tangu 1977 na hajawahi kuvunja mpango huo bila sababu.

Sasa kumbuka picha za siku ya uteuzi. Kila mwaka vijana wetu watatu wa kwanza wanapigwa picha siku ile ile, kila mmoja ameshika jezi, na namba iliyoshonwa mgongoni ni ile ile aliyokuwa akivaa chuoni. Jezi haishonwi kwa dakika kumi. Mtu huambiwa mapema aiweke tayari. Bwana Haldane anapenda picha nzuri, kwa hiyo Machi humwagiza Lemuel: namba hii usimpe mtu. Lemuel anatii, anairuka. Halafu klabu inachapa orodha pamoja na tundu lililorukwa, na kuituma bure kwa kila mwenye stempu.

Mwalimu aliyeita majina darasani miaka thelathini na sita anajua jinsi ya kusikia jina lisiloitika. Nilipoona tundu la kwanza, mwaka 1977, nilidhani ni kosa la uchapaji, ila nikabashiri kwalo kwa kujaribu. Mwaka uliofuata nikalitafuta makusudi. Kila mwaka huwa ni namba tatu zinazorukwa kwa ajili ya wachezaji watatu. Mara nyingi klabu nyingine hunyakua mmoja au wawili kabla ya zamu yetu, jezi ikabaki kabatini na mimi nikaonekana nimekosea. Mwaka jana hakuna aliyewanyakua, na nikawa Nabii.

Mwaka huu wakati wa baridi waliondoka walinzi sita, wakaacha namba 61, 64, 68, 73, 75 na 78. Wamekuja wapya wanne. Lemuel amewapa 61, 64, 68, na 75. Wale vijana watatu waliobaki kwenye hesabu yangu, mmoja chuoni huvaa 66, mwingine 79. Wa tatu sikuambii. Ripoti yake umeipiga chapa mwenyewe, namba yake unaijua.

Kwa hiyo kuna aliyevujisha siri, lakini si wewe wala Lemuel, aliyefanya alichoagizwa. Anayetafuta mvujishaji ndiye anayetoa agizo. Haldane amekuwa akiitangaza siri yake mwenyewe kila Machi, mara kumi sasa, kwa ajili ya picha.

Sasa kwa nini nilinyamaza. Ningeweza kukuambia Novemba. Swali lako lilikuwa na jibu la mistari mitatu, na jibu nilikuwa nalo. Sikulitoa kwa sababu mtu mzee asiye na darasa hana vitu vingi, na mimi nilikuwa na kiti kwa kinyozi na vijana wanaoniuliza mambo. Nilipenda waamini kwamba yote yametoka kichwani. Nikajiambia wewe umetumwa, hivyo sina wajibu wa kukujibu. Shaka yangu juu yako ilinifaa, nikaitunza. Barua yako ya Machi iliponieleza ulivyobanwa, bado niliiweka siku ishirini chini ya mtungi wa kabichi, nikitafuta njia ya kukuokoa bila kujivua nguo. Haikuwepo.

Watakwambia kwamba nimeitunga hadithi hii sasa kukukinga. Hilo nimelifikiria. Kabla gazeti halijanipa nafasi, nilikuwa nabandika ubashiri wangu ukutani kwa Duane kila Aprili, na mashahidi wawili wakitia saini na tarehe kwa sababu ya kubishana kwao. Karatasi saba, kuanzia 1977. Wakati wa zile za kwanza wewe ulikuwa bado shule, unashindwa kugawanya sehemu. Jana nilikwenda kuziomba.

Ilikuwa Jumamosi, kiti kimejaa na benchi limejaa. Nilitaka kumnong'oneza Duane, naye mkasi ukasimama hewani, akasema nieleze watu wote, wao ndio mashahidi. Nikawaeleza. Niliwafundisha namba zote, hatua kwa hatua, nikichora kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke. Kisha mwanafunzi wangu wa zamani, Rudy Slezak, niliyemfelisha mara mbili, akauliza akiwa na sabuni mpaka masikioni:

"Kwa hiyo Mwalimu, miaka yote hii ulikuwa unaangalizia?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi ulinitoa nje ya mtihani kwa kuangalizia."

Nikasema ndiyo, mwaka 1961. Walicheka mpaka Duane akaweka mkasi chini. Hawataniita Nabii tena. Rudy ameshapata jina jipya na sitaliandika. Lakini walibandua karatasi zote saba kwa uangalifu, wakaondoa pini moja moja, na Rudy alizikunja mwenyewe.

Makala sitaandika. Mhariri nimemwambia ampe mtu mwingine nafasi yangu.

Ndani ya bahasha kubwa aliyobeba mama yako zimo orodha za Machi tisa mpaka mwaka jana na ya kumi ya mwaka huu, karatasi saba za Duane zenye saini, vipande viwili vya gazeti, na barua hii. Kila namba iliyorukwa nimeizungushia penseli, isipokuwa za mwaka huu. Hizo aziangalie mwenye mali. Usimpelekee Haldane. Mtu haombwi kuhukumu kosa lake mwenyewe kisha akategemewa asome vizuri. Anayeweza kukurudisha kwenye mashine yako ni mwenye klabu, yule mmoja kati ya wanne asiyetoa agizo wala kupiga chapa wala kufundisha. Mama yako atakungoja nje ya mlango, na nakuonya kwamba amevaa kofia yake ya ugomvi.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya saa sita mchana, iweke bahasha hii mezani kwa Bibi Vandermeer, na usitoke mpaka awe amehesabu mwenyewe namba za orodha ya mwaka huu, kuanzia sitini hadi sabini na tisa.

Mjomba wako,
Ludo